Mwandiko Wako, Jina Langu

Kwako kaka,

Hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu, na ng'ombe mwekundu amezaa jike.

Kiwanda chetu kimefungwa. Ule mtindi niliokuambia umeharibika, ukanijibu, "Acha woga, dada, mteja anasubiri," umewalaza watoto kumi na mmoja hospitalini. Mkaguzi amenionyesha karatasi iliyoruhusu mzigo utoke. Jina ni langu, mwandiko ni wako. Na wewe ulikuwa umeshapanda basi.

Mama analia: "Sina mwana wa kiume mwingine. Ukimtaja, usirudi hapa."

Kesho naitwa kutoa ushahidi. Nguo zangu nimeshazifunga.

Nakutakia afya njema, ile uliyowanyima watoto wale.

Dada yako, mpimaji wa maziwa