Siku ya Kupima Shamba la Mkula

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenilea mama alipokuwa mgonjwa. Siwezi kuanza bila kukuamkia.

Unalikumbuka dungu letu kule Mkula? Mpunga ukianza kutia maziwa tulihamia shambani kulinda ndege. Wewe ulikaa juu unapiga debe, mimi na kombeo langu nilikuwa chini, nimelala. Hukunisema kwa baba hata mara moja.

Baba alitugawia shamba kwa mdomo, amesimama juu ya tuta. "Huku kwa Skola, kule kwako. Msije mkagombana." Karatasi hakuandika. Nani anaandikiana na watoto wake?

Wapimaji walipokuja kwa ajili ya hati za kimila, baba alikuwa ameshafariki. Wewe ulikuwa dunguni, unalinda mpunga wako na wangu. Kijana mwenye kipimo akaniuliza, "Mzee, kuna mwingine mwenye haki hapa?"

"Hapana. Ni mimi tu."

Nilijiambia kwamba wewe umeolewa, una shamba la mumeo. Debe lako likanyamaza. Kisha ukashuka, ukatupakulia wali na perege, ukamwongezea hata yule kijana. Hukuniuliza kitu mpaka tulipokuzika. Heri ungenitukana, dada.

Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi hatukugombana, ila kapu nililishika peke yangu.

Mwezi uliopita binti yako Vero alinijia. "Shikamoo mjomba. Naomba unipe jaruba moja tu, nilime msimu huu." Alipiga magoti, Skola, anaomba shamba la mama yake. Niliona aibu hata marahaba ikanishinda.

Jana nilikwenda naye kwa mtendaji wa kijiji, nikaomba hati irekebishwe. Majirani wakaitwa mpakani. Swali likawa lile lile: kuna mwingine mwenye haki?

"Yupo," nikasema. "Siku ile alikuwa pale juu, dunguni."

Mtendaji akauliza mbona sikusema. Vero alikuwa ananitazama kwa macho yako. Nikatazama matope miguuni mwangu.

Vero ameshaandikwa, upande wote ule aliouonyesha baba. Pumzika, dada. Nikija huko nitakuamkia tena. Ukiitikia, ukinyamaza, ni haki yako.

Mdogo wako, niliyekukana ukisikia