Lirudishe Jina la Leontien

Kwaggaskloof, Karoo,
9 Juni 2024.

Mpendwa Shangazi Magrieta,

Kabla hata ya salamu nakusihi: nitakayoandika humu yaishie kwako. Usimsomee mtu, hata mumeo, Oom Apools. Yakijulikana, kazi sina.

Hamjambo huko Walvis Bay? Kikohozi cha Oom Apools kimepungua? Sisi tu wazima, ila theluji imewahi mwaka huu na kondoo wawili wa mama yako, Ouma wetu, wamekufa kwa baridi. Yeye mwenyewe hajambo. Bado anagombana na mchungaji kila Jumapili.

Shangazi, umesikia kwamba wataalamu wa darubini, ambao mimi ni karani wao, wameuachia mji wetu uchague jina la sayari ndogo ya mawe inayozunguka nyota nyingine. Mtaalamu wao mmoja alisimama kanisani akasema ina hewa, na pengine maji. Ouma akainuka mbele ya watu wote: "Basi iitwe Leontien. Mjukuu wangu alikufa akitafuta pumzi. Huko ataipata."

Mzee Flip akajaribu kutania, "Ouma, na kondoo wako nao wakienda huko, nani atawachunga?"

"Wewe, maana huku huna kazi."

Tulicheka huku tukifuta machozi.

Sasa vipimo vipya vimekuja. Hewa hakuna. Nimeamriwa nisifungue mdomo mpaka watangaze wenyewe, nao watatangaza baada ya sherehe ya jina, Jumamosi hii.

Tangu hapo nikifumba macho naiona. Upande mmoja umeikabili nyota yake daima, mawe yanaungua chini ya jua jekundu, kubwa, lisilokuchwa. Upande wa pili ni usiku usio na alfajiri, baridi kuliko theluji yetu yote. Jiwe likiporomoka halisikiki. Hakuna upepo hata wa kuinua vumbi.

Nawe unajua tulivyo katika ukoo wetu: jina la marehemu hapewi mtoto mpaka wazee wamwone akipumua hadi kitovu kidondoke. Aliyezaliwa bila pumzi huzikwa bila jina. Ouma akija kujua amekipa kitu kisichopumua jina la Leontien, ataona amemzika mara ya pili. Nilimjaribu: "Ouma, na kama hewa haipo?" Akaacha kumenya viazi. "Usinitanie na hilo, Elrico."

Mimi naogopa. Lakini wewe uliyemzaa Leontien unaweza kulirudisha jina bila kutoa sababu, wala hakuna wa kukuuliza. Mpigie Ouma kabla ya Jumamosi. Mwambie tu, "Mama, naomba jina la mwanangu."

Wasalimie Oom Apools na binamu Gerda. Mungu aifunike nyumba yenu kwa rehema zake.

Wako akupendaye,
Elrico

Usinipigie ofisini, wala kwenye simu yangu. Meneja hukaa karibu nami. Piga dukani kwa Tannie Bettie, Ijumaa jioni, nitakuwa pale nanunua mafuta ya taa. Kama umeshaongea na Ouma, niulize habari za theluji. Kama umeshindwa, usipige. Nitaelewa, na Jumamosi nitasimama na wenzangu tuliite jina.