Hedifoni Zinazofunika Sikio

Jumatatu, 9 Machi 1998

Masikio yanauma. Hedifoni za ofisi ni koleo. Zinabana hereni, zinabana mfupa, sponji ya kulia imeliwa na panya. Leo nimechapa ushahidi wa watu watatu. Bibi mmoja wa upande wa Geita alikatwa shingoni akimenya karanga. Mjukuu wake anasimulia kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Kompyuta inavuma, hedifoni zinakwaruza, nusu ya maneno nabahatisha. Sitaki kubahatisha jeraha la mtu. Nimemwambia Bwana Mhina aninunulie nyingine au achape mwenyewe.

Jumatano, 11 Machi

Amekubali, kwa kununa. Yeye ni wa Tanga, ndiye anayezunguka vijijini na kinasa sauti kuwahoji ndugu za vikongwe wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi. Mimi hukaa hapa Shinyanga mjini nikisikiliza na kuchapa.

Dukani kwa Bwana Pravin nilipewa aina tatu nijaribu. Akaniwekea nyimbo. Nikakataa, kwenye nyimbo kila hedifoni ni nzuri. Nilikuwa na kanda ya kazini mkobani, ya bibi mwingine aliyenusurika panga. Za kwanza ni visponji vidogo. Nyepesi, lakini lori likipita nje humsikii mtu. Za pili zina besi mpaka bibi wa watu akawa na sauti ya fahali. Za tatu kubwa, zinafunika sikio lote, zina mto laini, hazigusi hereni. Nikamsikia bibi akimeza mate kabla ya kumtaja aliyemkata. Bwana Pravin akaniuliza kwa nini nalia. Nikasema nachukua hizi.

Alhamisi, 12 Machi

Raha kuvaa. Nimezivaa tangu asubuhi, nikasahau kama zipo. Ubaya wake, hazifichi kitu. Mzee mmoja, ili aeleweke, alipiga panga kwenye gogo kuonyesha mkewe alivyokatwa. Akapiga tena. Akashindwa kuacha. Nilivua, nikaenda kutapika nyuma ya tangi la maji.

Ijumaa, 13 Machi

Kanda ya Segese. Kwetu.

Bwana Mhina aliniagiza niruke mwisho, eti watu wanakula na kupiga soga kwa Kisukuma. Ndivyo anavyofanya siku zote. Ugali ukiletwa, kwake kazi imekwisha, lakini hazimi kinasa sauti. Kisukuma hajui hata salamu. Na mimi nilikuwa naruka, maana kwa zile hedifoni kuukuu mwisho ulikuwa mvumo tu.

Leo sikuruka. Wanaume wawili, sikio la kushoto, wananawa mikono. Mmoja anasema mganga ameshamtaja mtu. Dhahabu inalikimbia duara lake, shimo lake kule machimboni, kwa sababu ya macho mekundu ya mama yake. Mwenzake akauliza nani atafanya kazi hiyo.

"Vijana wapo. Tusubiri usiku usio na mwezi."

Kisha akakohoa. Kile kikohozi cha vumbi la mawe. Masanja. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni.

Macho ya mama ni mekundu kwa moshi. Anapikia mavi ya ng'ombe tangu kuni ziadimike.

Nataka kumuua. Naandika hivyohivyo. Nataka kumuua.

Jumapili, 15 Machi

Nimemleta mama mjini. Basi mpaka Kahama, kisha lori la mpunga. Matope matupu. Mama alikataa kuondoka, kuku wake anaatamia. Nikamwambia Kulwa wangu anaumwa, anamlilia bibi yake. Uongo. Akajifunga kanga tukatoka. Masanja alikuwa machimboni, na hiyo ndiyo bahati yake, kwa sababu panga la mama nilikuwa nalo kikapuni.

Bwana Mhina amepeleka polisi nakala ya kanda na tafsiri yangu. Wamesema watafuatilia.

Jumatatu, 30 Machi

Jirani wa Segese amekuja na habari. Waliingia kwa mama. Walipokosa mtu wakamcharanga mbuzi aliyefungwa ndani, wakakatakata mlango, vyungu, kitanda. Anasema godoro limechanwa mahali pa kichwa kuliko pengine pote. Mama alisikia yote akichambua mchicha. Sikuweza kumficha tena. Nikamwambia ni nani aliyewatuma. Akaendelea kuchambua.

Jumatano, 1 Aprili

Masanja amekuja. Mchana kweupe, na jogoo mkononi. Shikamoo dada. Eti kasikia mama hayuko Segese, ana wasiwasi.

Nilikuwa natwanga. Mchi ulikuwa mkononi.

Nilimpiga mkono, ukavunjika, niliusikia. Nikampiga mbavu. Alipoanguka nikampiga goti. Jogoo anapiga kelele, Kulwa analia, mimi sioni. Mama yake Neema, wa nyumba ya pili, ndiye aliyening'ang'ania kiunoni mpaka nikaachia. Ningemmaliza. Sijutii, na hilo linanitisha.

Nilimwambia neno moja tu.

"Nimekusikia."

Hakuuliza wapi. Alilala pale mavumbini akasema, "Mganga alisema si mama tena, dada. Alisema aliyemo mle mwilini ni mwingine."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Polisi wakaja, wakamchukua Masanja.

Ijumaa, 3 Aprili

Mama ameomba kuja ofisini. Anataka kusikia mwenyewe. Bwana Mhina alisita, kisha akatoka nje kutuachia chumba.

Nilizilegeza hedifoni, nikamvalisha juu ya kitambaa chake. Nikamuuliza kama zinabana. Hazibani. Alisikiliza, mikono magotini, akiangalia ukuta. Kanda ilipofika mwisho akaniashiria nirudie. Nikarudia.

Akavua. Akafuta ile mito kwa ncha ya kanga, taratibu, upande mmoja, kisha wa pili.

"Kifua chake bado hakijapona," akasema. "Huko walikomweka, wamempa blanketi?"

 Nilizima kompyuta. Mama akaulizia njia ya kwenda kituo cha polisi, nikamwonyesha.