Kumpima Athumani

Jumatatu, 3 Juni 1974

Mazoezi ya mpira wa kikapu saa kumi, kama kawaida. Vumbi. Ringi imelegea tena. Fundi aliyeitengeneza kwa pete ya pipa anasema kosa ni la mpira.

Elia anaendelea vizuri. Kidato cha nne, mtoto wa Lushoto, futi sita na inchi tano. Mchezo anaujua. Ila akidaka mpira anaushusha kifuani, na wafupi wanamnyang'anya. Nimemwambia mpaka nimechoka: ukiupata juu, ubaki juu.

Barua imefika kutoka Dar. Timu ya shirika moja la umma inataka kijana mrefu. Kazi, chumba, kocha wa kweli. Jina moja tu, kabla ya tarehe ishirini na tano. Nitaandika Elia. Korogwe nzima kuna mwingine?

Alhamisi, 6 Juni

Yupo. Mazinde.

Nilikwenda kumwona dada, mumewe ni karani kwenye shamba la mkonge. Juu ya troli kasimama kijana. Wa chini wanamrushia matita ya majani ya mkonge, yeye anadaka juu ya kichwa, anageukia mguu mmoja, anapanga. Hata tita moja halikugusa kifua. Nilisimama juani mpaka dada akaja kunitafuta.

Nikamuuliza kwa nini hashushi.

"Maji ya mkonge yanawasha, mwalimu. Ukikumbatia, utajikuna mpaka asubuhi."

Athumani, mtu wa Chanika, Handeni. Miaka ishirini. Mpira hajawahi kuugusa. Nimempima kwa kamba: futi sita na inchi nane. Jamani! Nimecheza netiboli miaka kumi, nimeona warefu wengi, na wengi ni nguzo za simu tu. Huyu anajua miguu yake ilipo.

Jumapili, 9 Juni

Athumani amekuja kwa lori la mkonge, kama nilivyomwomba. Niliwapaka yeye na vijana wangu chaki vidoleni, waruke na kugusa ukuta wa stoo. Alama ya Elia ilikuwa ya juu kuliko zote shuleni. Ya Athumani imeipita kwa shibiri nzima.

Elia ndiye anayemfundisha kudunda. Sikumwomba.

Jumamosi, 15 Juni

Aibu.

Nilitaka kumwona Athumani akisukumwa na mwanaume wa kweli, maana Dar watamsukuma. Nikamwita Bwana Sefu, mnyapara wa shamba, ingawa siku hizi tunatakiwa kusema msimamizi. Mpira huu alijifunza jeshini. Mnene, mgumu, viwiko vya chuma. Watu wakajaa, hata mwenyekiti wa kijiji alikuja.

Athumani akafa ganzi. Alimwamkia mzee macho chini, nikadhani ni adabu tu. Kisha kila Bwana Sefu akisogea, yeye anarudi nyuma. Mikono haikupanda hata mara moja. Mzee akafunga alivyotaka, na hata yeye hakufurahi.

Mwili anao, moyo hana. Nina hasira. Nimeandika barua yenye jina la Elia. Kesho kutwa naipeleka.

Jumapili, 16 Juni

Elia amekuja baada ya ibada. Akasema:

"Mwalimu, Bwana Sefu ni mkwewe. Posa imepokelewa mwezi uliopita. Athumani aliniambia jana bombani, tukinawa. Sasa ampandie mkwewe kichwani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi, Msambaa, ambaye mume wangu akimwona mama yangu njiani anapita porini! Nimempa kijana wa watu mtihani ambao kuufaulu ni kukosa adabu, halafu nikamwandika mwoga.

Nikamuuliza, "Na wewe unajua nafasi ni moja?"

"Najua. Nataka kwenda, mwalimu. Sana. Lakini si kwa namna hiyo."

Barua nimeichana. Huyu mtoto ana miaka kumi na tisa. Mimi nisingesema.

Jumanne, 18 Juni

Elia na Athumani, wawili tu, wa kwanza kufunga magoli kumi. Bwana Sefu alikuja bila kuitwa, akasimama nyuma ya stoo asionekane, ili mkwewe awe huru. Alisikiliza tu.

Sijui niandikeje. Mpira ulipanda na Athumani akapanda nao, na haukushuka tena mpaka ulipopita kwenye ringi. Elia alimsukuma kwa nguvu zake zote, simlaumu. Alifunga manne. Mara moja alizuiwa juu kabisa, akabaki ametazama juu, akacheka mwenyewe. Mimi filimbi ilinidondoka. Nimemshukuru Mungu kwa kuniacha nione kitu kama hiki, tena kwenye uwanja wetu wa vumbi.

Nyuma ya stoo mtu alipiga makofi mara mbili, akaacha.

Jumatano, 19 Juni

Nimeandika upya. Athumani.

Nilimwita Elia ofisini nimwambie mwenyewe. Aliinama mlangoni kama siku zote. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, hakunipa nafasi.

"Umeshaandika, mwalimu?"

"Nimeandika."

Akanyoosha mkono. Alisema anapita posta.

Amerudi saa sita na stakabadhi ya barua ya rejista. Ameiweka mezani, ameuliza kama mazoezi yapo leo.

Yapo. Saa kumi.