Vioo vya Hali ya Hatari

Jumanne, 4 Juni

Hali ya hatari imetangazwa jana saa sita mchana. Hatari gani? Redio inasema sababu ni siri, kwa ajili ya usalama. Kinachojulikana ni kwamba watu zaidi ya watano wakikaa pamoja ni kosa.

Jioni wakamkamata mdogo wangu Wembe kwenye kibanda chake cha unyozi. Walikuwa watatu — yeye, mteja kitini, mwingine akisubiri zamu. Askari kachungulia mlangoni, kahesabu na waliomo kwenye kioo. Sita!

Nilidhani Mama ananitania. Mama hatanii. Amekaa na mkasi wa mwanawe mapajani, hataki kula.

Alhamisi, 6 Juni

Mahakamani. Hakimu, karani, mwendesha mashtaka, wakili wetu, Wembe: watano. Askari wa kumlinda ndiye wa sita. Wakabishana nani atoke. Askari hawezi kumwacha mahabusu, mahabusu hawezi kuikosa kesi yake. Mwisho hakimu mwenyewe akatoka, akaja kusimama uani na mimi na Mama, tuliokuwa tunachungulia dirishani. Hapo akakumbuka kwamba nje ya chumba hana mamlaka. Hata kuahirisha hakuweza. Karani ndiye aliyetuambia twende nyumbani.

Wembe wamemnyoa kipara huko ndani, tena vibaya. Kimemuuma kuliko pingu.

Jumatatu, 10 Juni

Wakili kaja nyumbani kutufafanulia. Katiba inaipa hali ya hatari wiki mbili tu. Zikiisha, ama Bunge liongeze muda kwa theluthi mbili, ama inakufa yenyewe — Jumatatu ijayo, saa sita mchana — na kesi ya Wembe inakufa nayo. Wakiongeza, mahabusu wote wanapelekwa kambi ya mbali, hakuna kuonana.

Mama akauliza, na hilo Bunge si mkusanyiko? Wakili akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Alimwandikia pia Waziri wa usalama kupinga habari ya kioo. Waziri kajibu kwa tangazo rasmi: anayeonekana, anahesabiwa. Mhuri na sahihi.

Alhamisi, 13 Juni

Kazini vurugu tupu. Miaka yote niliyokuwa fundi wa vipaza sauti bungeni sijaona haya. Spika kaamua wabunge wakae watano watano, kila kundi na chumba chake, yeye peke yake ukumbini. Mimi niwaunganishe kwa waya. Maktaba, jikoni, stoo ya viti, mpaka vyoo vya wageni. Nimetambaa chini ya makabati hadi magoti yamechubuka.

Waya wa kumfungia mdogo wangu, na anayeuvuta ni mimi. Nimelia ndani ya stoo, nikajifuta, nikaendelea.

Na nani kapewa kulinda korido? Askari yule yule wa kioo. Kapandishwa cheo kwa umakini. Wenzake wanamwita Kikokotoo. Anapita anatuhesabu, midomo inacheza. Nilimtazama kwa jicho baya, akanihesabu na mimi.

Jumapili, 16 Juni

Waziri kaja kukagua. Alipangiwa stoo ya viti, akakataa, joto. Akakichagua mwenyewe chumba cha kupambia wabunge kabla ya televisheni. Zulia, kipooza hewa, vioo kuta mbili zinazotazamana — ukisimama katikati unajiona msururu usioisha. Akasema hapa panatufaa, mimi na wenzangu wanne.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Sawa, mheshimiwa.

Mama kanywa chai nusu kikombe. Sikumwambia kitu. Naogopa.

Jumatatu, 17 Juni

Naandika kibandani kwangu, juu ya ukumbi, hedifoni masikioni. Saa sita inakaribia. Spika anauliza chumba kwa chumba. Upande wa serikali una theluthi mbili kamili, hakuna hata mmoja wa ziada.

Maktaba: ndiyo. Stoo ya viti: ndiyo, kwa sauti za watu wanaopikwa. Jikoni: ndiyo, mmoja akiwa na chakula mdomoni, karudia. Vyoo vya wageni wamepewa wapinzani: siyo, na mwangwi wake. Spika kauliza kama mwangwi ni kura. Katibu kasema hapana.

Kimebaki chumba cha kupambia. Spika anasema, Mheshimiwa Waziri na wenzako, mnasemaje?

Mlango unafunguliwa kule. Sauti ya Kikokotoo, ya adabu kabisa: samahani waheshimiwa, kila mtu abaki alipo, na asiseme neno mpaka hesabu iishe.

Waziri anamuuliza kama anajua anaongea na nani. Kikokotoo anasema anajua, anaongea nao wote.

Waziri anapiga kelele kwamba hivyo ni vioo. Kikokotoo anamsomea tangazo, mpaka mhuri. Kisha anaanza kuhesabu.

Spika anagonga meza. Fundi, mbona siwasikii? Namjibu kwamba waya ni mzima, mheshimiwa, wanahesabiwa.

Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Mikono nimeikalia, isiguse swichi yoyote. Mama yuko nje ya lango la gereza tangu asubuhi, kaenda na mkasi.

Bado dakika mbili. Sitini na nane. Kuna mheshimiwa kapiga chafya, msururu mzima umetikisika. Kikokotoo anaomba radhi, kapotea njiani.

Anaanza upya. Moja.