Mwanamke wa Mulombwa

Dilala, Kolwezi, Agosti 1980

Yaya wangu mpendwa Ntumba, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto wote wa hapo Lubudi. Goti lako linaendeleaje? Naomba baridi ya mwaka huu isiwe imekutesa, na mihogo yako iwe imekauka vizuri. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wavulana wanasoma, na mkubwa ameanza kuiba viatu vya baba yake. Numbi bado yuko kwenye karakana ya kampuni. Ningesema anakusalimu, ila sikumwambia kwamba nakuandikia.

Yaya, unanijua. Ukisema nina wivu sitabisha. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nikimkagua mkunga kama hajachukua kitu. Lakini safari hii nilikuwa na sababu, na nataka uzisikie zote kabla hujanicheka.

Unakumbuka Numbi alianza kuchonga miti baada ya vita, mwaka ule tulipompoteza mtoto wetu, somo wako Ntumba mdogo. Nilifurahi, nikasema afadhali patasi kuliko pombe. Wachongaji wengine wa hapa wanatengeneza tembo wa kuwauzia wazungu wa kampuni. Yeye hataki. Analeta mzizi uliopinda, anauzunguka kama mtu anayenunua mbuzi, kisha anasema huu una aibu, ule una hasira, na anauchonga mpaka na wewe unaiona hiyo hasira. Bega la mtu linatoka kwenye kifundo cha tawi, mgongo unafuata pale upepo ulipoukunja mti. Hakuna anayenunua. Majirani wanavuka barabara wakisema ni bitu ya bulozi, vitu vya uchawi, na mimi nilikuwa nagombana nao.

Kisha akaanza mulombwa, ule mti unaotoa maji mekundu ukikatwa. Akachonga mwanamke. Akachonga wa pili, halafu wa tatu, mkubwa. Yaya, wote ni mwanamke mmoja! Kichwa kimenyolewa, mashavu yameingia ndani, mdomo wa chini umeng'atwa, shingo imenyooka kama ya mtu anayesikiliza mlango. Mimi mashavu yangu unayajua, mlikuwa mnayafinya. Nilimuuliza ni nani. Akasema ni mti tu. Tangu lini mti ukang'ata mdomo? Nilipouliza tena akaenda kunawa mikono, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

Jumamosi akawa anapanda lori kwenda Fungurume, eti kutafuta mbao. Anarudi na gogo moja na maneno mawili. Nilinusa mashati yake. Nilipekua mifuko, nikakuta vumbi la mti. Nikajiambia, kichwa kilichonyolewa ni cha mjane, na mjane huyo lazima ni kijana. Kichwani mwangu nilimpa nyumba huko Fungurume, nikampa kitanda, nikampa na bukari yake, ugali usioiva. Nilimchukia vizuri sana.

Yule mkubwa ndiye alinimaliza. Mikono yake imekunja kitu kifuani, furushi la kadiri ya mtoto mchanga, laini, halina uso. Basi wana mtoto, nikasema. Nikakaa chini palepale nyuma ya jikoni. Na tangu siku hiyo Numbi akawa anamfunika mwanamke wake kwa gunia akinisikia nakuja.

Unamjua jirani yetu Mama Henriette, anayeuza dagaa soko la Fungurume. Nilimtuma amfuate. Akarudi na habari kwamba Numbi anakaa na wachoma makaa, anawabembeleza wasichome magogo mazuri ya mulombwa, anachagua moja, anarudi. Hakuna mwanamke. Sikumwamini. Nilisema amenunuliwa mdomo, nikaacha kumsalimu, hata kanisani tukikaa benchi moja.

Jumapili iliyopita Numbi alikuwa zamu. Nikamshika Henriette mkono, nikamvuta mpaka nyuma ya jikoni, nikaondoa gunia. Nilikuwa na shoka la kuni. Nikamwambia huyu hapa, nitajie jina lake au namkata sasa hivi. Henriette hakumtazama sana yule wa mti. Alinitazama mimi, machozi yakamtoka. Akasema: "Mbombo, haujiyue? Ni weye. Ni weye ule mwaka."

Yaya, wewe ndiye uliyeninyoa. Wamama wa kilio wakaondoa kioo ukutani, kama tunavyofanya kwetu, nisijitazame mpaka msiba uishe. Kioo kiliporudi nywele zilikuwa zimeota na nilikuwa nimeanza kula. Huyo mwanamke barabara nzima ilimwona. Ni mimi peke yangu sikuwahi kukutana naye. Niliweka shoka chini na nikaona haya mbele ya Henriette kuliko nilivyowahi kuona haya mbele ya padri.

Numbi aliporudi sikupiga kelele, na hilo lilimtisha. Nikamuuliza juu ya furushi. Akaniambia anataka kumchonga Ntumba mdogo, maana hatuna picha yake hata moja. Tulikuwa tukingoja ubatizo ndipo tumwite mpiga picha, vita vikafika kwanza, na surua pamoja navyo. Kila akijaribu, zinatoka sura za wavulana wetu. Anazifuta kwa patasi, anaanza tena, ndiyo maana pamebaki laini. Hakuthubutu kuniuliza. Aliogopa nitamdharau, baba aliyesahau uso wa mtoto wake. Kisha akaweka patasi juu ya goti akaniomba nimwambie pua ilikuwaje.

Hili sijamwambia mtu yeyote ila wewe. Nilifungua kinywa nimjibu, sikukuta kitu. Nakumbuka uzito wake mgongoni. Nakumbuka harufu ya mafuta ya mawese kichwani mwake. Uso haupo, Yaya. Mimi mama yake! Nikamwambia nimechoka, nitamweleza siku nyingine. Sasa anangoja. Amesafisha vyombo vyake, anapiga mluzi akinywa chai, sijamwona hivyo tangu vita, na kila asubuhi ananitazama bila kuuliza.

Wewe ndiye uliyemwosha, kwa sababu mama haruhusiwi. Wewe ndiye uliyemtazama wa mwisho. Niandikie paji la uso, masikio, kidevu, pua. Usinipambie. Kama nawe umesahau, andika hivyo, nami nitamwambia Numbi ukweli kwamba hakuna kati yetu aliye naye.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na goti lipake mafuta ya moto. Barua hii inakuja na mtu wa treni. Jibu lako mpe huyohuyo anayekuletea, nami nitamngoja stesheni mwenyewe.

Nakuomba, Yaya, uwe hujasahau.

Mdogo wako,
Mbombo