Kistari Kilichofuta Foleni

Mama Moraa, rafiki yangu,

Tangu tukuzike huko kwenu milimani, jioni zangu zimekuwa na kimya kisichozoeleka. Saa kumi na moja bado natega sikio. Kwanza nilikuwa nasikia buti zako za mpira, halafu ile sauti yako ya kuvuka ua: "Mama Chelangat, bandika chai, nina habari za mtoto wako!" Hapo ningemwacha hata ng'ombe na maziwa nusu kwenye chuchu.

Unajua mimi sikuwahi kuingia kwenye hiyo ofisi kubwa ya kampuni ya chai pale Kericho. Wewe ndiye uliyekuwa unaifagia na kuwapikia chai ya saa nne, na Chelangat wangu alikuwa ndani akifanya kazi ya kompyuta. Kwa hivyo nilimwona kwa macho yako. Ukisema amevaa sweta ya kijani, nilijua. Ukisema bosi amemwita kwa jina, usiku huo hata ugali ulikuwa mtamu zaidi.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulikuja ukiwa umeshika kiuno. "Leo mtoto wako ameandika maneno mawili tu kwenye kioo cheusi, na printa iliyo chumba kingine ikaanza kulia kama posho mill ya kusaga mahindi." Nikauliza, hakuigusa? "Hata kidole!" Mimi nikaipeleka habari kanisani Jumapili hiyo hiyo, nikiwaambia akina mama kwamba mtoto wangu anatuma brinta kwa mdomo. Ukanivuta kando. "Si brinta, wewe. Sema printa." Nikasema brinta. Ukasema Wakipsigis tunaweza kusoma hadi ng'ambo lakini hiyo "p" itatungoja tu mpakani. Nikakujibu, na nyinyi Wakisii mtaingia mbinguni mkiwa na mkungu wa ndizi begani. Tulicheka mpaka chai ikafurika jikoni.

Na ni wewe uliyenielewesha habari ya foleni. Ulisema karatasi zinapanga laini ndani ya mashine, kama vile sisi tunavyopanga vikapu vya majani pale kituoni tukingoja mzani. Chelangat ndiye karani. Anaandika neno moja, anaona nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Anaandika lingine, anamtoa mmoja. Akitaka, anamvuta wa mwisho anakuwa wa kwanza. Nikasema, basi mtoto wangu ni karani wa karatasi. "Mkubwa wa makarani!" ukasema. Ulijua kunikuna panaponiwasha, Mama Moraa.

Sasa nakuandikia jambo ambalo limeninyima raha.

Ile siku ya mvua za El Nino, ulipokuja bila kuita. Ukakaa kwenye kigoda, ukasema umetolewa ofisini. Ulikuwa unapiga deki, ukavuta waya wa mashine, na foleni yote ya asubuhi ikapotea: orodha za wachumaji wa kila shamba, malori yakakaa yakingoja. Kwamba kesho unaenda kuchuma majani. Na mimi nikafanya nini? Nikakucheka. "Ai, mtu mzima kushindwa na deki! Si ungemwomba Chelangat akuonyeshe waya uko wapi?" Nilisema hivyo, tena mbele ya mashemeji zangu. Wewe ukacheka pamoja nasi, ukanywa chai yangu, ukaenda.

Ulichuma msimu mzima wa mvua, na magoti yako yale. Na hata ukiwa shambani bado ulinitafutia habari za mtoto wangu kwa madereva.

Majuzi wageni walikuja kunipa pole kwa sababu yako. Nikawasimulia ile hadithi ya deki, nikitaka wakukumbuke kwa kicheko. Chelangat alikuwa amesimama na thermos mkononi. Akasema, "Mama, nyamaza." Mbele ya wageni! Halafu akasema, "Hakuvuta waya. Ni mimi."

Alikuwa na wiki mbili tu kazini. Walikuwa wamempa jina la siri la mkubwa wa mashine, lile linaloruhusiwa kufanya kila kitu. Akaandika neno la kufuta, ambalo linataka mbele yake uweke nambari ya karatasi unayoitoa. Kisha akaona karatasi zote zinahitajika, hakuna ya kutoa. Hakujua kulifuta lile neno arudi nyuma. Sasa wewe unajua karani wa majani anavyofanya siku hujaleta kitu: mbele ya jina lako anaweka kistari. Hakuna. Chelangat amekua akiona kistari hicho kwenye kitabu changu tangu hajaenda shule. Basi akaweka kistari, kuiambia mashine hakuna, akabonyeza. Kumbe kwa mashine kistari maana yake ni zote. Foleni nzima ikaenda, kufumba na kufumbua.

Anasema bosi alitoka akipiga kelele, nani amegusa, nani amegusa. Wewe ukainua mpini wa deki. "Ni mimi, bwana. Nimevuta waya." Alipotaka kufungua mdomo ukamkanyaga mguu. Anasema waya ukichomoka foleni haipotei, inangoja humo ndani mpaka umeme urudi, na mtu anayejua mashine angekugundua. Lakini bosi hakujua, na wewe hukujua kama hajui. Ulijitupa tu.

Mama Moraa. Nilikuwa nimekaa na chai yangu nikikucheka.

Chelangat akasema anaenda kwa bosi kusema ukweli. Mimi nikaogopa. Nikamwambia neno ambalo naona haya kuliandika: aliyekufa hafutwi kazi, wewe unaweza kufutwa. Akanijibu, "Lakini ile barua ya kumtoa ofisini bado iko kwenye faili yake, Mama. Imeandikwa uzembe." Siku mbili zikapita. Nilihesabu majirani wote niliowajaza sifa zake, nikaona nitaficha wapi uso.

Siku ya tatu Moraa wako akaniletea vitu vyako vichache, ati uliniachia. Ndani kulikuwa na ile nailoni uliyokuwa unafunga kiunoni ukichuma. Imeshonwa viraka vitatu mbele, pale matawi ya chai yanapokwaruza. Nikaijaribu. Nilipoifunga nikamwita Chelangat, nikamwambia, twende wote.

Kwa hivyo nimeiona ofisi. Askari wa geti alinisalimia "shikamoo mama" nilipotaja mtoto wangu, nisikufiche. Bosi siku hizi ni mwingine. Alisikiliza, akasema yaandikwe. Chelangat akakaa kwenye kioo cheusi, akaandika, akatuma. Mbele yake kulikuwa na karatasi kumi na moja za watu. Nikamnong'oneza, si unaweza kuivuta mbele tumalize? "Naweza, Mama," akasema. Akakunja mikono, akangoja zamu yake. Tukasimama tukiisikiliza printa ikilia, moja, nyingine, nyingine, mpaka ikatoka ya kwetu ikiwa bado na joto, jina lako mstari wa kwanza.

Ile barua ya uzembe imetoka kwenye faili yako. Nimeishika, nimeichana mwenyewe. Ya Chelangat imeingia kwenye yake. Hajafutwa, ila amepewa onyo, na zile kazi za foleni amepewa mwingine mpaka waone mwenendo wake. Sasa anapiga barua tu kama karani wa kawaida. Analala vizuri, anasema. Mimi bado kidogo.

Sitakudanganya kwamba nimeacha kujisifu, maana ungenicheka huko uliko. Lakini sikiliza ninachokuahidi. Jumapili, ibada ikiisha, akina mama wakibaki pale nje kama kawaida, nitasimama niwaambie nilidanganya bila kujua. Nitawaambia nani alifuta foleni na nani hakuvuta waya. Nitawaambia nilicheka. Na nitakapofika kwa Chelangat, maana lazima nitafika, jina lako litakuwa limeshatajwa kwanza.

Pumzika, Mama Moraa. Magoti hayakuumi tena.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Chelangat